Mama Alipokataa Kulia

Kila ninaponusa nyasi mbichi, hudhani niko msibani, hata kama ni mtu tu anafyeka uwanja wa kanisa. Kwetu Ihembe, miaka ya hamsini ilipokuwa michanga, nyumba ya msiba ilitandikwa nyasi sakafuni ili waombolezaji wapate pa kukaa na kulala. Nimekulia juu ya nyasi hizo, kwa kuwa mama yangu ndiye aliyekuwa akiitwa kuongoza kilio.

Msidhani alikuwa mpiga makelele. Kwanza aliuliza. Alipokufa mzee mmoja asiye na mtoto, mkali kama pilipili, ambaye kijiji kilimzika kwa kuogopa lawama tu, mama aliulizauliza hadi akagundua kwamba mzee huyo alikuwa akiacha kata yake kisimani kwa makusudi, wapita njia wapate cha kuchotea. Basi akalilia ile kata. Watu waliokuja na macho makavu waliloa hadi kidevuni.

Sifa zake zikavuka mto wa mpakani pale Murongo. Nilipokuwa na miaka tisa akaja Mzungu na gari lenye mashine ya kunasa sauti, pamoja na karani wake, kijana mwenye viatu vya kung'aa. Mimi nilikwisha kutangaza shuleni kwamba mama ataingia kwenye santuri. Nilijigamba mpaka wenzangu wakanibatiza jina la Gramafoni, nami nikalipenda.

Siku yenyewe uwanja wa shule ulijaa. Mama alivaa gauni lake la Pasaka.

"Shikamoo, mama," karani alisema. "Bwana anataka kile kilio."

"Marahaba. Nani amefariki?"

Karani akacheka. "Hakuna. Ni cha santuri tu. Taja jina lolote."

"Jina lolote lina mwenyewe, mwanangu. Nimlilie mtu mzima wa afya, nimchurie kifo? Kilio huanza mfiwa. Labda nikuimbie wimbo wa harusi."

Za harusi walikuwa nazo tele. Karani akambembeleza: sauti yake ingesikika Bukoba, Kampala, hata Ulaya, na kila mtu angemjua. Mama aliitazama ile mashine kwa muda, na nawaapieni nilimwona akitamani. Kisha akashukuru, akanishika mkono, tukaondoka. Nyuma yetu watoto waliniita Gramafoni, safari hii kwa kunizomea.

Hatukurudi nyumbani. Tulipanda hadi kwenye mbuga za wafugaji, kwa mama mmoja kijana aliyekuwa amezika kichanga wake wa siku nne. Msiba wa kichanga haukuwa na watu. Walikuwepo yeye, mumewe na mama mkwe, basi.

Mlangoni nikamwambia mama, "Umeniaibisha. Umeikataa Ulaya nzima, unakuja kuwaimbia watu watatu."

"Ingia, mwanangu, jua kali," alisema.

Nikakataa. Nilisimama nje karibu na zizi, na nilipomsikia akisafisha koo nikaziba masikio kwa vidole, nikakaza, ili ajue nimekasirika. Nilinuna hivyo kwa wiki nyingi.

Mvua zilipoanza, homa ilimchukua mama kwa siku sita tu.

Yule mama wa wafugaji alikuja mazikoni kwa miguu, na kibuyu cha maziwa. Akaniketisha kando. Aliniambia kwamba siku ile mama alimuuliza kichanga wake alikuwa na tabia gani. Naye akajibu kwa uchungu, mtoto wa siku nne ana tabia gani? Mama akangoja. Ndipo mfiwa akakumbuka kwamba mtoto alipotolewa nje mara ya kwanza, jua lilimfanya apige chafya.

"Akamlilia kwa chafya ile," alisema, "na mwanangu akawa mtu kama watu. Wewe ulikuwepo. Mwisho wa kilio kile ulikuwaje? Hebu nikumbushe."

Nililia, naye akadhani ni majonzi tu.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mama kwa santuri ile, maana wajukuu zake leo wangemsikia. Nilichelewa mno kuelewa kwamba sauti yake hakuninyima. Aliimba hatua tano kutoka niliposimama, akaimba hadi mwisho, na vidole vilivyokuwa masikioni mwangu vilikuwa vyangu mwenyewe.