Jina Aliloliita Bi Asya

Watu wa Ibra, Omani, walimjua Bi Asya kuwa ni Mzinjibari kama Wazinjibari wengine, ingawa macho yake yaliwashangaza. Alizaliwa kusini mwa China. Mwaka 1938 Wajapani walipouteka mji wa Kantoni, alikuwa mtoto wa miaka kumi. Ami yake alimkimbiza hadi Unguja, ambako baba yake alikuwa akinunua majongoo ya pwani. Huko alisilimu, akaolewa na Muhanna, akazaa, na baada ya Mapinduzi wakahamia Omani. Ya China hakuyasema kamwe. Wanawe wakimuuliza, huinuka akaenda zake jikoni.

Mwaka 2001, Muhanna keshakufa, akili zilianza kumtoka. Alisahau majina ya wajukuu, kisha Kiarabu, mwisho Kiswahili. Kikabaki Kichina, na nyumba nzima hakuna aliyekijua. Kutwa akipiga makelele: "Alin! Alin!"

Binti yake Ghanima, mwalimu wa skuli, alidhani mama anasema *alhin*, yaani sasa hivi kwa Kiarabu cha Omani. Basi mbio kuleta chai, mbio kuleta uji. Mama akisukuma kikombe na kukimbilia nje. Walipomkuta wadini, kwenye mto mkavu nje ya mji, pekupeku, nyayo zinachuruzika damu, Ghanima alitia kufuli getini. Tangu hapo Bi Asya akawa analipiga geti kwa viganja, huku akilia kama mtoto.

"Mama, nakufungia usije ukapotea," Ghanima alimwambia. Mama alirudi nyuma kwa woga, kana kwamba amemwona askari.

Ghanima akasikia kuwa katika mji wa Sur yupo mwanamke wa Kichina anayeuza nguo. Akampakia mama garini. Muuzaji yule alikuwa wa kusini mwa China vilevile, na Kiarabu cha sokoni alikiweza. Alimsikiliza Bi Asya muda, kisha akaketi chini sakafuni.

"Alin ni mdogo wake wa kike," alisema. "Ndege zilipiga, watu wakakimbilia mtoni. Mama yao alimwambia amshike mkono mdogo wake. Wakasukumwa. Alipofika ukingoni akatazama, kumbe aliyemshika ni mtoto wa watu wengine. Mama yao akarudi kumtafuta. Ami akamtia huyu mashuani kwa nguvu."

"Na mama yao?"

"Hakurudi." Muuzaji akafuta machozi. "Anakuomba umwachie aende. Anasema Wajapani bado hawajafika."

Ghanima aliporudi aliondoa kufuli. Kila alasiri akamshika mama mkono, wakaenda wadini, na Ghanima naye akawa anaita Alin mpaka sauti ikamkauka. Majirani wakanong'ona kwamba sasa wendawazimu wamekuwa wawili. Wala haikusaidia. Mama akifika akaona wadi kavu, hupiga magoti akapapasa mawe, kana kwamba maji yamefichwa chini yake.

Asubuhi moja, akiwa kitandani, Kiswahili kilimrudia.

"Ghanima. Umempata?"

"Nimempata, mama. Hajambo."

"Yuko wapi?"

Ghanima aliinama akamtengenezea shuka. Bi Asya alimtazama sana, kisha akageukia ukutani. Hakula tena, hakusema tena.

Walimzika Ibra siku chache kabla ya Ramadhani. Skuli, walimu wenzake Ghanima walimpa pole ya mama. Ya mama yake mdogo, Alin, hakuna aliyejua kumpa.