Mzee wa Hollywood na Harusi Yangu

Mzee niliyekuwa nikimhudumia asubuhi kule Gaithersburg, Marekani, alikuwa mwongozaji wa filamu mstaafu, mtu wa Norwei. Kwao alianza na filamu ndogondogo za theluji na watu wasiopenda kuongea. Moja ikapendwa ng'ambo, Hollywood wakamwita, na huko, alinihadithia huku nikimpima presha, mabosi walikata kila alichokipiga. Filamu yake moja ilitoka fupi, tena ndani yake kuna ndege inalipuka ambayo yeye hakuilipua. Ile ndege ilituchekesha kila wiki.

Aliposikia ninaolewa, akaomba apige video yeye. Nilifurahi mno, maana mama alikuwa amenyimwa viza, na harusi yangu angeiona kwenye simu tu, huko Morogoro.

Siku yenyewe, ukumbini Wheaton, kamera moja aliiacha kwenye kona ijirekodie, na nyingine akazunguka nayo, mkongojo mkono wa pili. Mashangazi walikuja na zawadi wakicheza, wakamgeukia kamerani kama tulivyozoea, mcheza kwao hutunzwa. Yeye akapiga video ya mshumaa. Meza nzima ilisimama na sahani za pilau ikimsubiri, akapiga dirisha.

Filamu aliyonipa haikufika robo saa. Ilikuwa nzuri, nililia. Nikamtumia mama.

Mama alipiga nikiwa jikoni kwa mzee.

"Nimeiona, mwanangu. Sasa watu wako wapi? Shangazi yako kavaa nini? Walikula, hawakula?" Halafu sauti ikashuka. "Mimi nilitaka kukaa nao mpaka mwisho."

Nilishikwa na uchungu, simu bado sikioni. Mzee akauliza mama kasemaje. Mtu amekatiwa filamu maisha yake yote, leo nami nimletee bosi mwingine? Lakini mama ni mama. Nikamwambia kweli: anataka yote.

"Yote?" akauliza. "Hata mahubiri ya mchungaji?"

"Hasa hayo."

Akainuka bila mkongojo, nikamgombeza, hakunisikia. Alishinda kwenye kompyuta akipiga mluzi, akichomoa kila kitu kwenye ile kamera ya kona. Chai yangu ikapoa mezani, na dawa nilimfuatia nazo huko huko.

Toleo jipya linazidi saa tatu. Kuna kila meza, kila sahani, shangazi anacheza, anarudi kucheza tena kwa sababu hakuridhika na mara ya kwanza. Kwa kweli linachosha. Mume wangu hajawahi kulimaliza.

Mama aliwaita majirani, akapika, wakalitazama wote sebuleni. Kesho yake akapiga simu, nikaweka spika.

"Mwambie huyo mzee Mungu ambariki. Nilikaa mpaka viti vikakunjwa."

Nikamtafsiria. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaniomba nimwambie tena.