Winefride Tyson, Aliyekataa Zawadi ya Baba Yake

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1930, sikukuu ya Mtakatifu Apolonia aliyevunjwa meno kwa ajili ya imani, katika mji wa wachimba makaa ya mawe pwani ya Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Padre aliyembatiza akampa jina hilo liwe la pili. Mama yake hakuwa na jino hata moja, wala shangazi zake. Kule msichana akichumbiwa, baba yake humzawadia kung'olewa meno yote na kuwekewa ya bandia, ili mume asije kusumbuka na gharama za daktari. Mwaka 1948 serikali ilipofanya matibabu ya meno kuwa bure, watu walipanga foleni, wengi wao si ili meno yazibwe bali yang'olewe, na mzee Joseph Tyson akaona Mungu amemrahisishia harusi ya bintiye.

Winefride alikuwa mchumba wa Wilfred Nicholson, kijana wa mgodini. Siku ya zawadi ilipofika, aliketi kwenye kiti cha daktari wa meno katika zahanati ya mji, akafumba mdomo, akagoma kuufumbua. Baba alimbembeleza, kisha akamkejeli: "Unayatunza ya nini? Unataka kumng'ata nani?" Hapo ndipo alipofumbua, akasema, "Ni mazima, Baba. Mungu hakukosea kunipa." Wilfred alipoambiwa, alisema yeye hakuposa gharama, na uchumba ukafa. Winefride hakuolewa kamwe. Aliomba kazi ya usaidizi katika zahanati ile ile, akaifanya hadi alipostaafu.

Kila Jumamosi aliwakusanya watoto katika ukumbi wa parokia, akawafundisha kupiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, polepole, hadi kwenye ufizi, na kutema povu bila kusuuza kinywa, ili dawa ibaki ikifanya kazi. Walevi walimtania wakimuuliza kama mbinguni kuna miswaki. "Ipo," aliwajibu, "lakini ninyi mtaazima wa nani?"

Kisha serikali ikaanza kutoza, na bei ikapanda. Maskini bado walisamehewa malipo, ila madaktari waliopokea wagonjwa wanaolipiwa na serikali waliondoka mmoja baada ya mwingine, mpaka zahanati ikafungwa. Haki ya kutibiwa bure ilibaki. Wa kutibu hakuwapo. Watu wakang'oana meno jikoni kwa koleo, na wengine walimletea Winefride, wasijue pengine pa kuyapeleka. Aliyatia kwenye chupa ya jemu, akilia. Alikuwa na miaka tisini na miwili alipoibeba chupa hiyo hadi kwenye mkutano wa hadhara, ambako afisa wa afya aliwaambia wananchi kwamba shida yao ni uvivu wa kupiga mswaki. Winefride alimimina meno yote mezani mbele yake. "Haya yalipigwa mswaki," alisema. "Mimi ndiye niliyefundisha."

Afisa akatamka kwamba habari ya zahanati haitajadiliwa mpaka bibi huyo amtake radhi. Majira ya baridi hayo hayo, gego la Winefride lilitunga usaha. Waumini walichanga apelekwe kwa daktari wa kulipia, naye akampa mchango wote Bernadette Kirkbride, mama mwenye watoto wadogo aliyevimba shavu hata asiweze kula. Bernadette alipona. Winefride sumu ilimwingia damuni, akafariki siku ya somo wake, Apolonia.

Zahanati haijafunguliwa. Kaburini pake hakuna jino lililopona, na tusimzulie miujiza. Kila tarehe 9 Februari watoto hupiga mswaki mbele ya kanisa, katika mvua, kisha hurudi kwenye nyumba ambamo koleo limo kabatini. Anayetaka kumwiga atunze kinywa chake, na asikifumbe.

Padre Hugh Curwen, aliyempaka mafuta ya wagonjwa alipokuwa kufani, husimulia kwamba alimsihi amtumie afisa yule neno moja tu la radhi, kwa ajili ya mji. Shavu lilikuwa limevimba, maneno yakimtoka kwa shida.

"Dhambi zangu zote nimeungama, Padre. Hiyo haimo. Siombi radhi."