Kisu Kilichonolewa Pande Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa cheti. Mkuu wa Kitalu, mzee mfupi aliyevaa kofia ya pama jua na mvua, alinitazama mifukoni kabla ya kunitazama usoni.

"Una kisu, kijana?"

Nilikuwa nacho, tena nilikuwa nimekinunua sokoni Morogoro makusudi kwa ajili ya siku hiyo: kisu cha kukunja, mpini wa plastiki nyekundu. Akakifungua, akakifunga, akakiweka mezani.

"Hiki utamenyea chungwa," akasema. "Chungwa lenyewe tunalizalisha kwa hiki."

Akatoa chake mfukoni. Hakunipa mkononi. Alikilaza mezani nami nikakiokota, maana kwetu watu wenye adabu hawapokezani kisu mkono kwa mkono, wasije wakakata udugu. Kilikuwa kidogo, mpini wake wa pembe ya ng'ombe umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na nyuma yake kulikuwa na kijilimi cha mfupa. Kwenye chuma palikuwa na alama ndogo ya mti. Nilikigeuzageuza. Upande mmoja wa chuma ulikuwa bapa kabisa, na upande wa pili tu ndio ulioteremka kwenda kwenye makali. Nikajisemea, huyu aliyekinoa alichoka katikati ya kazi. Kuuliza si ujinga, wazee wamesema, lakini siku ya kwanza kazini nani anataka kuuliza?

Niwaeleze vijana mnaonunua miche barabarani bila kujua ilikotoka. Kazi yetu ilikuwa kubebesha michungwa. Unaotesha mlimao, kwa sababu mizizi yake haichagui udongo. Ukifikia unene wa penseli, unachana gome lake kwa mkato wa herufi T, unalibenua kwa kile kijilimi cha mfupa, kisha unachomeka ndani jicho, yaani chipukizi dogo ulilolibandua kwenye tawi la mchungwa mzuri. Unafunga kwa utepe wa nailoni. Baada ya wiki tatu hivi unafungua. Jicho la kijani limeshika, jeusi limekufa. Likishika, unaukata mlimao juu ya jicho, na kinachoendelea kukua hapo ni mchungwa.

Mwezi wangu wa tatu Mkuu aliitwa mkutanoni mkoani. Alikuwa ameleta matawi ya mchungwa mmoja wa zamani wa Matombo, mtamu kupita yote niliyowahi kuonja, ambao mwenye shamba alikuwa anaukata ajenge nyumba. Akaniachia matawi, akaniachia na kisu chake. "Bebesha matuta mawili," akasema. "Taratibu."

Asubuhi ile ile akapita mnoa visu na baiskeli yake. Nikaona nimfanyie hisani bosi wangu. Mnoaji alikishika kisu, akacheka kama nilivyocheka mimi moyoni. "Aliyenoa hiki mvivu sana, kaacha upande mzima!" Akapiga pedali, cheche zikaruka, akanoa pande zote mbili. Kisu kikanyoa vinyweleo vya mkono wangu. Nikabebesha matuta mawili huku nikijisifu kwa nyimbo.

Wiki tatu baadaye Mkuu mwenyewe alifungua nailoni. La kwanza jeusi. La pili jeusi. Alikwenda mche hadi mche, mimi nyuma yake, hadi mwisho wa tuta la pili. Hakuna jicho lililoshika. Mti wa Matombo ulikwisha kuwa kuni. Ndipo akatoa kisu, akapitisha kidole gumba kwenye chuma.

"Nani amekinoa?"

"Mimi, Mkuu. Yaani, nilikipeleka kwa fundi."

"Jicho linataka kulala," alisema. "Kisu bapa hulitandikia kitanda. Cha pande mbili huchimba bonde, hewa ikaingia chini, likakauka. Hukuuliza kwa nini upande mmoja?"

Nilijua nimefukuzwa. Nilishaanza kufikiri nitamwambia nini mama. Badala yake alinipa kinoo, lile jiwe la kunolea, na bakuli la maji. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikaa kwenye kizingiti cha ghala nikisugua upande ule mpaka uwe bapa tena. Nilianza wakati wa vuli, nikamaliza masika yakiwa yameisha, na chuma kilikuwa kimepungua upana karibu theluthi. Chuma hakirudi, bwana.

Alipostaafu, tulimchinjia mbuzi. Watu walimaliza hotuba zao, akaniita pembeni, akalaza kisu juu ya pipa la maji.

"Okota. Wenzako wanajua kinavyokata. Wewe unajua kilipoumia."

Tangu siku hiyo nimetembea na visu viwili. Cha plastiki nyekundu ni cha dunia: kamba, miwa, machungwa, kucha. Cha pembe ni cha miti peke yake. Mke wangu alichoka kuziba mifuko ya kulia ya suruali zangu, akaamua kunishonea mfuko wa turubai ndani. Nilihamishiwa Matombo, nikapanda na kushuka milima ile na kisu changu. Nikahamishiwa Ngerengere, ambako mlinzi wa geti la shamba moja alinizuia kwa sababu ya kisu hicho.

"Mzee, silaha hii."

"Si silaha. Una waridi hapo getini, jekundu na jeupe. Nipe dakika tano."

Nikabebesha jicho la jekundu kwenye jeupe mbele ya macho yake. Baada ya miezi michache alinikimbilia barabarani kunishika mkono, kwa sababu mti mmoja ulikuwa umetoa rangi mbili. Hakunipekua tena.

Sasa nimestaafu, na kwetu Waluguru vifaa vya mjomba huenda kwa mpwa. Mpwa wangu ni Shabani, mtoto wa dada yangu, anauza vipuri karibu na Msamvu. Anakusanya visu vya zamani. Anavyo kwenye kabati la vioo, anavipaka mafuta, na kila siku hubeba kimoja mfukoni kwenye kitambaa laini.

"Kinakata nini?" nilimuuliza siku moja.

"Hakikati kitu, Mjomba. Hiki ni cha kumbukumbu. Ukikitumia kinapungua hadhi."

Sikulala vizuri kwa wiki. Niliogopa kisu cha Mkuu kuzikwa kwenye kioo kuliko nilivyoogopa kuzikwa mwenyewe.

Alikuja kunisalimia, nikakilaza kwenye kigoda ili akitazame. Akatoa kioo cha kukuzia, akainama juu yake muda mrefu.

"Mjomba, ninacho ndugu yake, alama hiyo hiyo ya mti. Lakini changu kipana. Hiki kimeliwa, tena kimeliwa upande wa bapa, ambao haunolewi. Nani alikifanya hivi, na kwa nini?"

Miaka yote ile nimefungua kisu mbele za watu, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Machozi yalinilengalenga, sikuyaficha. Nikamweleza yote, hadi cheche za baiskeli. Kisha nikaweka kinoo kando ya kisu, nikamwambia aokote vyote viwili. Sikumwekea sharti. Tulishinda nyuma ya nyumba kwenye milimao yangu. Aliharibu mingi, mmoja akaufunga vizuri, akarudi mjini.

Zikapita wiki, kimya. Nikajua kimeshaingia kabatini. Kisha simu ikaita.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Ule mlimao wako umeshika?"

"Umeshika. Kijani kabisa."

"Afadhali. Nimebebesha mingine hapa uani kwa mama, lakini kisu kilikuwa kimeanza kuchana gome. Nimekinoa."

Nikatafuta pa kukaa. "Umekinoa wapi?"

"Hapa nyumbani, kwa kinoo chako."

"Upande gani, Shabani?"

Nikamsikia anacheka.

"Mmoja tu, Mjomba. Ule mwingine ulishaunoa wewe."