Shamsa, mpaka rangi wa ng'ombe waliopotea

Ng'ombe ana pembe, ana nundu, ana mkia, lakini hana rangi. Amesimama kwenye skrini ya kompyuta akiwa mistari mitupu, na Mama Paskazia Masalu anamtazama kwa mashaka.

"Mbona yuko hivi?" anauliza.

"Subiri mama, hajavaa bado," anajibu Shamsa Bashiru, mkono wake ukiwa kwenye kipanya.

Ni asubuhi katika duka la steshenari karibu na njia panda ya Usagara. Shamsa, mwenye umri wa miaka 31, ameajiriwa hapa kutoa kopi, kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti. Lakini wafugaji wa wilaya hii ya Misungwi wanamfuata kwa jambo jingine kabisa. Mnyama akipotea, Shamsa humpaka rangi kwenye kompyuta kwa maelezo ya mwenyewe, kisha picha hubandikwa madukani na kusambazwa kwenye magrupu ya simu.

Utauliza, si wangepiga picha tu? Shamsa anacheka. "Nani anampiga picha ng'ombe wake kabla hajapotea? Watu wanapiga picha harusi!"

Ng'ombe wa Mama Paskazia anaitwa Milembe. Juzi jioni hakurudi kutoka malishoni. Ana mimba, na ndiye pekee aliyebaki kwenye zizi la mjane huyu.

"Nikimkosa Milembe, mimi si mfugaji tena," anasema. "Nitakuwa bibi tu mwenye zizi tupu."

Shamsa anabonyeza alama ya kikopo cha rangi, anachagua kahawia na kumwaga tumboni. Ghafla ukurasa mzima unakuwa kahawia, ng'ombe na anga lake.

"Yalaa! Imevuja," anasema. Mstari wa mguu una mwanya karibu na kwato, na rangi imepita hapo. Anaifuta, anaukuza mchoro, anaziba mwanya, anamwaga tena.

"Siyo hiyo," anasema Mama Paskazia. "Milembe ni kama udongo wa kichuguu ulionyeshewa mvua."

Inakolezwa. Bado. Inakolezwa tena. Hatimaye mama anapiga makofi. "Hapo hapo, mwanangu! Sasa mwekee doa jeupe ubavu wa kushoto, upana wa ungo."

Programu anayotumia ni ile ya kuchorea iliyokuja na kompyuta yenyewe. Alijifunza peke yake, wateja wanapokosekana. Mchoro wake wa kwanza wa ng'ombe aliutoa mtandaoni, ukaja bila nundu. "Ng'ombe asiye na nundu, huku nani atamjua?" Akamchorea nundu kwa kipanya, mchana kutwa, hadi mkono ukafa ganzi.

Wapo waliomcheka. Baba yake, fundi cherehani wa Kirumba, aliwahi kumuuliza kama amerudi chekechea. Shamsa hakununa wala hakuacha. Leo anatoza shilingi elfu tatu kwa picha, na mwenye duka anamwachia elfu moja. Hajatajirika, na hasemi ametajirika.

Picha ya Milembe inatoka kwenye printa ikiwa na pande mbili, kushoto na kulia, kwa sababu mpita njia anaweza kumwona ng'ombe upande wowote. Chini yake kuna namba ya simu ya Shamsa.

Kesho yake simu inaita. Ni Mzee Ndalahwa, mfugaji wa upande wa Kigongo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeona picha yako. Kuna ng'ombe mgeni amejichanganya na wangu, anafanana sana na huyo. Lakini siye. Wako ana doa pande zote mbili, huyu analo upande wa kushoto tu. Nimeona nikwambie, msije mkahangaika bure."

Shamsa anaufungua mchoro wa Milembe. Anaitazama skrini, kisha anajishika kichwa.

Alipaka upande wa kushoto, akaunakili, akaiamuru kompyuta iugeuze uwe kulia. Kompyuta ikageuza ng'ombe pamoja na doa lake. Mama Paskazia alikuwa ametaja doa moja tu, na picha ilipotoka alikuwa ameshaondoka.

"Mzee, huyo huyo!" anapaza sauti. "Mfunge! Kosa ni langu, si la ng'ombe!"

Anapaka upya upande wa kulia, safari hii bila doa, anamtumia mzee, kisha anamwita Mama Paskazia. Mama anakwenda Kigongo siku hiyo hiyo, kanga kiunoni.

Kesho yake asubuhi wateja wa steshenari wanapisha mlangoni. Mama Paskazia amesimama nje na kamba mkononi, na mwisho wa kamba yuko Milembe, tumbo limemjaa. Mama amepiga vigelegele tangu njia panda.

Shamsa anatoka na picha mpya. Anazunguka kushoto, analiona doa. Anazunguka kulia, hakuna. Rangi ni ile ile, ya kichuguu kilichonyeshewa.

"Nimempatia," anasema, machozi yakimlenga. "Sikuwahi kumwona, lakini nimempatia. Jamani, najivunia!"

"Kupotea njia ndiyo kujua njia," anamtania mama. "Umepotea wewe, amepotea Milembe, wote mmerudi."

Sasa Shamsa ana mpango. Anataka kuzunguka mazizini na kupaka rangi wanyama wakiwa bado nyumbani, kila mmoja ahifadhiwe kwenye kompyuta kabla ya siku mbaya. Anaweka akiba anunue kompyuta yake ya mkononi.

Wa kwanza ameshapata nafasi. "Huyu aliye tumboni," anasema Mama Paskazia akilishika tumbo la Milembe, "akizaliwa tu nakuletea, kabla hajajua kukimbia."

"Mlete, mama," anajibu Shamsa. "Na safari hii nitamzunguka pande zote mbili kabla sijagusa rangi."