Kiti Alichokalia Mchungaji

Rafiki yangu, wewe ninayekuamini, sogea karibu nikuambie jambo ambalo nyumbani kwetu hatulitaji mbele ya wageni. Nikisikia harufu ya nta ya nyuki iliyopakwa kwenye mbao kuukuu, masikio yananiwaka moto. Najua wengine harufu hiyo inawapendeza. Mimi inanirudisha Malvern, mtaa wa wahamiaji huku ughaibuni, kwenye ghorofa ya juu ambako upepo ulikuwa unapiga filimbi dirishani, majira ya baridi ya mwaka mmoja wa tisini na kitu. Nilikuwa bado msichana wa shule ya msingi, na sebule yetu ilikuwa imejaa samani za watu waliokufa zamani.

Baba alikuwa dereva na mpakiaji wa Bwana Menezes, Mgoa aliyezaliwa Tanga na kuhamia Mississauga. Biashara yake ilikuwa kununua na kuuza samani za kale za Marekani, zile zilizochongwa kwa mkono wakati nchi yao ikiwa bado changa. Walikuwa wanavuka mpaka pamoja kuingia Marekani, kwenda kwenye minada ya mashambani, wanarudi na makasha ya nguo, meza za kukunja, na viti vyenye vijiti vyembamba mgongoni. Bwana Menezes hakusifu kiti mpaka akigeuze miguu juu. Droo alikuwa anazivuta na kuzinusa, kama mtu anayenusa maziwa ajue kama yameharibika. "Samweli, rangi ikibanduka usiiguse," alimwambia Baba kwa Kiswahili chake cha Tanga. "Wateja wangu wanaupenda huo uzee." Mama aliposikia hivyo alicheka mpaka akajifuta machozi. Kwao Tabora kiti kikibanduka rangi kinapelekwa jikoni.

Baridi ile paa la duka lake likaanza kuvuja. Akamwomba Baba amhifadhie vitu vyake bora kwetu mpaka litengenezwe. Nafasi tulikuwa nayo, maana sebule yetu ilikuwa na kochi moja tu tulilolikuta kando ya barabara, na televisheni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Basi vikapanda kwa lifti kimoja kimoja, na sharti lilikuwa moja, kwamba tusivitumie. Lakini Mama ni mwanamke wa Kitanzania, hawezi kuacha meza uchi. Akatoa vitambaa vyake vyeupe alivyovifuma mwenyewe, akavitandaza kila mahali, na ghafla sebule ikawa ya waziri.

Wa kwanza kuona walikuwa kina mama wa kanisa. Mama Furaha, Mkongomani mwenye sauti ya kuamsha jengo zima, alisimama mlangoni na viatu mkononi. "Mama Rehema! Mungu amekutendea kimyakimya hivi?" Mama akainamisha kichwa. "Tumshukuru Mungu," akasema. Hakuongeza neno, na neno alilobakiza ndilo lililotupeleka pabaya. Hakudanganya, unaona. Aliwaacha tu waamini. Habari zikaenea, na ibada za nyumbani zilizokuwa zinazunguka nyumba hadi nyumba zikahamia kwetu. Mama aliyekuwa anakaa benchi la nyuma akaombwa kuongoza kina mama. Shuleni nilitembea kama mtoto wa kwao. Baba peke yake ndiye hakulala vizuri. "Siku watakapokuja kuvichukua, utasemaje?" alimuuliza. Mama akajibu, "Bwana atafungua mlango," kisha akazidisha sukari kwenye chai yake, jambo alilokuwa anafanya akiwa na wasiwasi.

Kilichokuwa kinamtia Mama hofu zaidi ni kiti kimoja cha mikono, chepesi kama ndege, ambacho Bwana Menezes alikuwa anakiita roho yake. Kwetu huwezi kumwambia mgeni, "Hapo usikae." Mama akapata ujanja. Aliweka Biblia juu yake, kwa sababu alijua hakuna mwana wa kanisa letu atakayelisukuma Neno ili apate pa kukalia. Na kweli, wiki nyingi watu walibanana kwenye kochi na sakafuni, wakikiangalia kwa heshima.

Jumapili moja Mchungaji mwenyewe akaja. Alikuwa mtu mnene na mcheshi. Akaangaza macho, akaona kiti, akaona Biblia. "Ahsante, mama, umeniandalia," akasema. Akaichukua Biblia, akaketi. Kiti kikalia. Baba alikuwa ametokea jikoni na chupa ya chai, akabaki ameikumbatia kama mtoto. Mama akafumba macho, na mimi nikajua hayo hayakuwa maombi ya pamoja, yalikuwa ya kwake binafsi.

Tukiwa katikati ya wimbo mlango ukagongwa. Ni Bwana Menezes, na nyuma yake bibi mmoja wa Kizungu, mteja wake. Walitakiwa kuja baada ya ibada lakini barabara zilikuwa nyeupe bila magari, wakawahi. Bwana Menezes alipoona ni nani amekalia nini, akanywea. Naye ni mtu wa kwetu, hawezi kumwinua mchungaji. Yule bibi hakujua mambo hayo. Alivua viatu vyake vya theluji, akaenda moja kwa moja, akapiga magoti kwenye zulia kuchungulia miguu ya kiti. Mchungaji akaona roho imepatikana. Akaweka mkono juu ya kichwa chake, akaanza kumwombea kwa nguvu, na nyumba nzima ikaitikia, "Amina!" Bibi wa watu akatulia kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema maneno machache kwa Kiingereza. Mchungaji akanigeukia. "Binti, dada yetu anasemaje?"

Nikatafsiri, maana watoto ndio waliokuwa wakalimani. "Anasema anataka kununua hicho kiti. Na anaomba usimame akigeuze."

"Kwani hapa dukani?" Mama Furaha akauliza, na wengine wakacheka.

Bwana Menezes akakohoa. Aliongea polepole, kwa upole sana. "Mchungaji, niwie radhi. Kiti ni cha Mama Rehema. Mimi nimekuja kumwomba aniuzie tu."

Alikuwa anamfungulia mlango. Mama alihitaji tu kuitikia kwa kichwa. Nilimwangalia nikiomba moyoni akubali, aitikie tu, chai inywewe, mambo yaishe.

Mama akasimama. "Hapana, Bwana Menezes. Kiti ni chako." Akaenda kwenye kasha, akaondoa kitambaa chake, akakikunja. "Hili si langu." Meza. "Hii si yangu." Akazunguka sebule yote hivyo, akiomba njia kati ya magoti ya watu, vitambaa vikimjaa mkononi. Alipofika kwenye kochi akasema, "Hili ni langu. Tuliliokota." Hakuna aliyecheka. Mchungaji aliinuka, akafuta kiti kwa leso yake, na Baba akakibeba kuelekea kwenye lifti.

Ibada ziliondoka kwetu, na uongozi ukaenda kwa mwingine. Mama akaitwa Mama Makumbusho. Mimi nililia kila nilipolisikia jina hilo. Yeye aliitika, "Abee," na kila Jumapili akarudi kwenye benchi lake la nyuma.

Leo nimeupita umri aliokuwa nao Mama wakati ule. Vitu vyangu ni vyangu, na wanangu, wanaonijibu kwa Kiingereza, hawaelewi kwa nini mtu akisifu nyumba yangu nasema haraka kipi nilipewa na nani. Siku hizi sisi wahamiaji hatualikani sana. Tunapiga picha kando ya gari la jirani kana kwamba ni letu, na hakuna anayekuja kubisha hodi. Sisi tuliumbuliwa mchana kweupe mbele ya watu tuliowapenda, na bado naona haya. Nilipomwambia Mama naandika haya, alizidisha sukari kwenye chai yake, kisha akasema, "Waambie. Ila usinipambe."

Kwa hiyo nakuomba, ukimaliza kusoma, msimulie mtu mmoja aliyefika mjini hivi karibuni na anayeogopa kukukaribisha kwake. Mwambie yote. Na ukifika pale Mama aliposema "Tumshukuru Mungu" mbele ya Mama Furaha, akanyamazia hapo, usipapite haraka.