Jeneza la Mvule

Waliohamia kwenye maghorofa huku chini ya kilima cha Mbuya hupenda kusema mtaa wetu una historia. Wametundika msumeno wenye kutu ukutani, wakapiga picha. Historia gani hiyo ya kutundika? Hapa palikuwa na kiwanda cha mbao. King'ora kikilia, wanaume wanaingia kazini. Kikilia tena, wanawake tunakimbilia getini na magunia kuchota unga wa mbao wa kupikia. Tulitukanana pale kila siku. Lakini akifa mtu, midomo ilifungwa.

Jeneza la mtaa mzima, la kubebea maiti mpaka kaburini kisha likarudishwa, lilichongwa humo kiwandani kwa mvule. Fundi alikuwa Mkristo kutoka Kenya, sisi ni Waislamu. Alisema, "Nyinyi Wanubi mnakwenda mbio na wafu wenu, lazima liwe na mikono mirefu." Akaliweka bandani, na kila mtu alijua lilipo.

Juzi alikufa mzee aliyekuwa akiendesha msumeno mkubwa. Azikwe kabla ya alasiri. Wanawe wakaenda bandani: banda limevunjwa, jeneza halipo. Watu wakasema kijana mwenye mgahawa mpya chini ya maghorofa ndiye aliyelibeba siku ya kuvunja. Nikaenda mwenyewe.

Nikalikuta limepigiliwa miguu ya chuma, wasichana wawili wanakula chipsi juu yake.

"Hili umelitoa wapi?"

"Ni meza, jajja," kijana akasema, akiniita bibi kwa Kiganda, meno yote nje. "Mbao za zamani, unaona zilivyo nzuri? Karibu chai."

"Meza? Mwanangu, hapo penye tomato sosi ndipo kilipolala kichwa cha mume wangu akienda kaburini."

Msichana mmoja akatema. Mwenzake alikuwa ameshafika barabarani.

"Sikujua, jajja."

"Hukuuliza. Lete spana."

Akafungua ile miguu, jasho linamchuruzika. Tukaliosha mara tatu. Mafuta ya chipsi ni magumu kuliko dhambi.

Zamani mtaa mzima ungepokezana mabega mpaka makaburini. Siku hiyo wa maghorofani walisimama juu kwenye vibaraza vyao, wanatupiga picha. Wabebaji walikuwa wanne tu: watoto watatu wa marehemu na yule kijana, niliyemwambia asithubutu kubaki. Alibeba njia nzima bila wa kumpokea. Alasiri ilipoadhiniwa, mzee alikuwa ardhini.

Kesho yake kijana akaja kunionyesha bega lilivyovimba. Nikamwambia apake mafuta.

Jeneza sasa liko sebuleni kwangu, limeegemezwa ukutani. Wajukuu wanalalamika kwamba linawatisha. Wazoee.